Mtoto Hangoji Mshahara

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama, mfanya kazi wa reli, katika mkutano wa tawi, Kilifi.)



Mimi si daktari. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazi ya reli Mombasa. Mke na watoto wako hapa nyumbani. Nimeombwa kusema juu ya vifo vya watoto wadogo, nami sababu ya kusema ninayo.

Mwaka 2016, tarehe 24 Juni, siku ya Ijumaa, binti yangu wa miaka miwili alishikwa na homa. Mama yake akanunua vidonge dukani. Usiku mtoto akajipinda na kugeuza macho. Jirani akasema huyu ana nyuni, akipigwa sindano atakufa. Nilipopigiwa simu niliomba ruhusa, nikaambiwa ningoje zamu ibadilishwe. Na mfukoni sikuwa na nauli, mshahara ulikuwa bado. Jumatatu tukamfikisha hospitali. Jioni ile ile akafa. Daktari alisema vijidudu vilikuwa vimeingia katika damu.

Ndugu zangu, sikuwa peke yangu. Tangu mwaka 1989 madaktari wa KEMRI wamekuwa wakifanya uchunguzi hapa Kilifi, katika hospitali yetu. Habari waliyoitangaza mwaka 2005 yasema kwamba miongoni mwa watoto waliokufa kwa vijidudu vya damu, theluthi moja walikufa siku ile ile waliyolazwa. Dawa ilikuwako. Watoto ndio waliochelewa kufika.

Magonjwa yenyewe twayajua: malaria, kichomi, kuharisha, na utapiamlo unaoyapa mengine nguvu. Tena yanazuilika. Katika mwaka 1993 hadi 1995 vijiji vya Kilifi vilipewa vyandarua vyenye dawa, na vifo vya watoto vikapungua kwa theluthi. Mwishoni mwa mwaka 2001 ikaja chanjo ya kuzuia vijidudu fulani vya kichomi na homa ya uti wa mgongo; kwa miaka mitatu tu ugonjwa ule ukapungua hapa kwa 88 kwa mia. Kenya nzima, hesabu ya mwaka 2022 yaonyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 41 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Lakini 21 kati ya hao hufa katika mwezi wa kwanza. Ni wale waliozaliwa kabla ya wakati, waliokosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au waliopatwa na vijidudu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, nyumbani. Mama ajifungulie hospitali. Chandarua kitumike kulalia, kisifanywe wavu wa samaki wala uzio wa kuku. Chanjo zimalizwe. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati. Na mtoto asiyenyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua mbio huku kifua kikibonyea, anayelegea au kujipinda, apelekwe hospitali saa ile ile. Mzee wa kumwombea na aombe, lakini aombe njiani.

Pili, kazini. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili yenye malipo mkewe akijifungua. Wengi wetu huiacha, au huitumia kutafuta vibarua. Tuichukue na tukae na mtoto, maana hizo ndizo siku za hatari.

Tatu, chama. Naomba tawi hili liweke sanduku la nauli, kila mwanachama atie kidogo kila mwezi, na mwenye mtoto mgonjwa akope usiku huo huo bila barua ndefu. Tena tutakapokaa na waajiri kufanya mapatano, ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali iandikwe waziwazi, isiwe fadhila ya msimamizi.

Gari moshi likichelewa, huandikwa kitabuni na mtu huulizwa sababu. Mtoto wangu alichelewa siku tatu, na hakuna aliyeulizwa. Basi leo najiuliza mimi mwenyewe mbele yenu, na nawauliza ninyi pia.