Usiku wa kuamkia Exetat: mtoto alale namna gani?

Tukikutana, mara nyingi tunazungumza juu ya mashamba, maji, ugomvi wa mipaka. Leo tunazungumza juu ya usingizi. Wengine walicheka waliposikia hivyo. Lakini jambo hili limeletwa na wazazi wenyewe. Walitueleza juu ya watoto waliojifunza mwaka mzima, kisha wakasinzia juu ya karatasi, na wengine juu ya vijana waliopewa kinini cha usingizi jioni na asubuhi wakafika chumba cha mtihani kama watu waliolewa.

Tunajua kilichopo hapa. Familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru imeacha ng'ombe na shamba. Imekopa ili kulipa gharama ya mtihani. Mtoto akianguka, ni mwaka mwingine wa kungoja na deni lingine. Kwa hiyo usiku huu si jambo dogo.

Exetat inafanywa katika nchi yetu tangu 1967. Insha inatangulia, kisha zinakuja siku 4 za maswali ya kuchagua jibu. Hesabuni vizuri: hatuzungumzii usiku mmoja, ila usiku wa kila siku katika hizo 4. Kijana anayekesha siku ya kwanza kwa kurudia masomo anaweza kufaulu siku hiyo, lakini siku ya tatu kichwa chake kimekwisha. Kijana wa umri huo anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Na wakati wa usingizi ndipo ubongo unapoyapanga na kuyaweka mahali yale aliyoyasoma mchana. Anayenyimwa usingizi ili asome zaidi ni kama mtu anayemimina maji kwenye pipa lililotoboka.

Sasa tuzungumze juu ya kinini, maana hapo ndipo hatari iko. Dawa nyingi za usingizi zinauzwa kwetu bila karatasi ya daktari, hata sokoni. Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, haitoki mwilini usiku ukiisha. Siku nzima inaweza kupita na nusu ya dawa bado iko katika damu. Mtoto akimeza kimoja leo na kingine kesho, kile cha kesho kinakuta cha leo bado hakijatoka. Ndiyo maana siku ya pili anasoma swali mara tatu bila kuelewa. Prometazini na klorofeniramini, ambazo watu wanazimeza kwa mafua au kwa kujikuna, nazo zinaleta usingizi mzito na kichwa kizito asubuhi. Msimpe mtoto dawa ya namna hiyo kwa mara ya kwanza katika juma la mtihani. Lakini tusieleweke vibaya: kama kuna kijana anayetumia dawa kwa agizo la daktari, kwa mfano kwa sababu ya kifafa, asiiache ghafla kwa sababu ya mazungumzo haya. Aende kwanza kuuliza kwenye kituo cha afya.

Kuna baba mmoja alituuliza: je, kikombe kidogo cha kasiksi? Hapana, baba. Pombe inamwangusha mtu upesi, kisha katikati ya usiku inamwamsha, na usingizi unaobaki ni wa vipandevipande. Lotoko hatuizungumzii hata.

Kahawa yetu ya Kivu ni nzuri, nasi tunaipenda. Lakini saa tano hivi baada ya kuinywa, nusu ya nguvu yake bado iko mwilini. Anayekunywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado ananyweshwa. Chai kali nayo ni vilevile. Aliyezoea anywe asubuhi, na baada ya saa sita mchana aache. Asiyezoea asianze siku ya mtihani, moyo utampiga bure.

Jambo lingine ambalo halisemwi sana ni moshi. Goma iko kwenye urefu wa mita 1,500 hivi, na kule Masisi milimani baridi inazidi. Tunaelewa kwa nini mama anaingiza mbabula ndani na kufunga mlango ili watoto wapate joto. Lakini makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa, au ndani ya hema, yanatoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtoto anaamka na kichwa kinamuuma, anataka kutapika, miguu haina nguvu. Pengine haamki kabisa. Mbabula ibaki nje, hata kama makala yanaonekana yamekuwa majivu. Afadhali watoto walale karibu karibu, na nguo zote zifunike miguu.

Kambi kubwa za pembeni ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilipoondolewa mwezi wa pili 2025, familia nyingi zilijikuta katika chumba kimoja na wenyeji, nyingine zikarudi vijijini kwenye nyumba zisizo na mlango. Watoto wawili, mmoja wa mwenyeji na mmoja wa mgeni, wanafanya mtihani uleule, na taa ni moja, godoro ni moja, chandarua ni kimoja. Hapo ugomvi unazaliwa upesi. Yule anataka taa iwake asome, huyu anataka izimwe alale. Mama mwenye nyumba anasema taa ni yangu. Tumeona kwamba maneno haya yakizungumzwa mapema, juma moja kabla, hayawi mazito. Wazazi wa pande zote mbili wakae na watoto wao, wapange saa moja ya kuzima taa kwa wote. Wengi wamechagua saa tatu usiku, nasi tunaona inafaa, maana anayeamka saa kumi na moja alfajiri anakuwa amepata saa 8. Na simu izimwe pamoja na taa. Vijana wengi wanakesha wakingoja ujumbe wa majibu yanayouzwa. Wanalipa pesa, wanaletewa uongo, na usiku umekwisha.

Ninyi wazee viongozi, sehemu yenu ni makelele. Mzazi peke yake hawezi kwenda kumwambia mwenye nganda apunguze muziki, hasa kama yeye ni mgeni katika mtaa. Wataanza kumuuliza ametoka wapi. Ni kazi ya kiongozi wa wenyeji na kiongozi wa wakimbizi kwenda pamoja, wawili, bila hasira, kwa mwenye nganda, kwa mwenye kinu cha kusaga, na kwa wachungaji wa makanisa yenye makesha. Wachungaji waombwe wasogeze mkesha mbele au wafanye maombi mchana. Siku 4 si nyingi. Kila mtaa una watoto wa kila kabila katika mtihani huo, hata mwenye nganda pengine ana wake. Mjue kwamba mtaa wa kwanza kukubali utawasaidia kuwashawishi wengine.

Halafu tuwafikirie wasichana. Kijana mvulana anaambiwa nenda ukalale, kesho una mtihani. Dada yake ambaye naye ni finalisti bado anaosha masufuria, na alfajiri anatangulia kwenye maji. Wababa, katika juma hilo bidoni ibebwe na mwingine, hata nyinyi wenyewe. Na jioni asinywe maji mengi saa mbili kabla ya kulala, ili asilazimike kutoka gizani kwenda chooni. Mnajua hatari iliyoko huko.

Chakula kiliwe mapema kidogo. Tunajua nyumba nyingi zinakula mara moja tu kwa siku. Kama ni hivyo, mtoto wa mtihani ale kabla ya jua kuzama, na sehemu ndogo ya foufou au viazi iwekwe kwa ajili ya asubuhi. Njaa inaamsha mtu, na tumbo lililojaa sana nalo linaamsha.

Asubuhi, msishtuke mkimwona mzito. Kila mtu anapotoka katika usingizi wa ndani anabaki na uzito kichwani kwa nusu saa hivi, mara nyingine saa nzima. Basi aamke angalau saa moja kabla ya kutoka, anawe uso kwa maji baridi, asimame penye mwanga wa jua, atembee. Tena azoee saa hiyo tangu juma lililotangulia. Asiwe mtu wa kuamka saa mbili kila siku kisha siku ya mtihani avutwe miguu saa kumi na moja.

Kuna watoto ambao hawatalala, hata tukifanya haya yote. Waliosikia mabomu wanaamka kwa mlango unaogonga. Msimpigie kelele mkisema: lala, kesho utaanguka! Maneno hayo yanafukuza usingizi uliobaki. Mama au baba akae karibu, aongee polepole juu ya mambo ya kawaida, amwambie avute pumzi taratibu. Mwambieni pia ukweli huu: kama wiki nzima amelala vizuri, usiku mmoja mbaya haufuti yale aliyojifunza. Afumbe macho na kupumzika tu. Lakini mtoto anayeota vita kila usiku, mwezi baada ya mwezi, msingoje mtihani upite. Mpelekeni kwenye kituo cha afya aonane na mshauri.

Kabla ya kuachana leo, tunaomba viongozi wa kila avenue wabaki kidogo, wenyeji na wageni, tuandike majina ya wale wawili watakaokwenda kwa wenye nganda. Wengine, kama mna maswali, tunaanza na akina mama.