Kishikwambi Kipya: Tununue au Tungoje?

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, na kila mtu awe na kalamu, maana leo tutasoma na kupiga hesabu pia. Mwalimu wenu wa darasa ataandika maneno manne ubaoni. Someni pamoja naye: kazi, betri, masasisho, bei. Vema. Somo zima la leo limo ndani ya maneno hayo manne.

Twataka kuzungumza juu ya kishikwambi. Kishikwambi ni kile kibao cha kioo ambacho mtu hukigusa kwa kidole. Ni kikubwa kuliko simu, na ni chepesi kuliko kompyuta. Wengine hukiita tableti. Katika Tanzania watu wengi walikiona mikononi mwa makarani wa sensa mwezi wa Agosti 2022.

Kila mwaka vishikwambi vipya huletwa madukani. Muuzaji akikiona chako husema, "Hicho kimepitwa." Nasi twajua ya kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Basi mtu mwenye kishikwambi ambacho bado chawaka, atajuaje kama yafaa kununua kingine?

Tutoe mfano. Tuseme yuko mama mmoja mshonaji. Kishikwambi chake kina miaka mitano. Hukitumia kuwaonyesha wateja picha za mishono, kuandika vipimo na madeni, na kutuma fedha zake benki. Siku hizi betri yaisha kabla ya adhuhuri, na kibao chenyewe kimekuwa kizito kufungua picha. Mama huyu ana akiba ya shilingi 480,000. Kishikwambi kipya ni shilingi 480,000. Lakini pia ataka cherehani ya pili, ili binti yake ashone pamoja naye, na cherehani hiyo ni shilingi 400,000. Hawezi kununua vyote viwili. Akikosea, atakaa muda mrefu kabla ya kupata akiba nyingine kama hiyo. Haya, tumsaidie.

Neno la kwanza ni kazi. Mama achukue karatasi, aandike kila kazi anayoifanya kwa kishikwambi. Kisha aweke alama mbele ya kazi ambayo kimeshindwa kabisa kuifanya. Kama hakuna alama hata moja, asiende dukani bado. Kipya huenda kikawa na mwendo wa kasi zaidi na kamera bora, lakini orodha ya madeni haisomeki vizuri zaidi kwa sababu kibao chaenda mbio.

Na ule uzito? Mara nyingi sababu yake ni nafasi kujaa. Afungue sehemu ya mipangilio, atazame nafasi iliyobaki. Afute video za zamani na programu asizozitumia, kisha akizime na kukiwasha tena. Kazi hiyo haina gharama.

Kumbukeni vile vishikwambi vya sensa. Baada ya watu kuhesabiwa, serikali haikuvitupa. Viligawiwa kwa walimu, vikaanza kazi nyingine shuleni. Chombo hupimwa kwa kazi yake, hakipimwi kwa umri peke yake.

Neno la pili ni betri. Betri ya kishikwambi ina madini ya lithiamu, nayo huchakaa kwa kujazwa na kutumiwa. Kampuni ya Apple, watengenezaji wa iPad, yasema kwamba betri za iPad zimeundwa zibakiwe na asilimia 80 ya nguvu zake baada ya kujazwa mara 1,000 kamili. Kujaza nusu leo na nusu kesho huhesabiwa kuwa mara moja. Basi mtu anayemaliza chaji nzima kila siku atafika mara 1,000 kabla ya kutimiza miaka mitatu. Betri iliyochoka haina maana kwamba kishikwambi kimekufa, maana mara nyingi fundi aweza kuibadilisha. Uliza bei yake kwanza.

Lakini sikilizeni jambo moja la hatari. Ukiona kioo kimeinuka au mgongo wa kishikwambi umevimba, betri imeharibika. Usikichaji tena, usiitoboe betri, wala usiitupe motoni, kwa maana yaweza kulipuka. Kipeleke kwa fundi anayejua.

Neno la tatu ni masasisho. Soma tena: ma-sa-si-sho. Haya ni marekebisho ambayo mtengenezaji hukitumia kishikwambi kwa njia ya intaneti. Wezi hutafuta matundu katika programu, na masasisho huyaziba. Siku mtengenezaji anapoacha kuyatuma, kibao huendelea kuwaka kama kawaida, lakini matundu mapya hayazibwi tena. Programu nyingine, hasa za benki, nazo mwishowe hukataa kufanya kazi katika kibao cha namna hiyo.

Hapa wanunuzi wengi hudanganyika. Miaka ya masasisho haianzi kuhesabiwa siku uliponunua wewe. Huhesabiwa tangu aina hiyo ilipotoka. Tazameni mfano huu. iPad ya kwanza ilitoka mwaka 2010, lakini programu kuu ya mwaka 2012 haikuikubali. Ilipata miaka miwili tu. Aina iitwayo iPad Air 2 ilitoka mwaka 2014. Hii iliipokea programu kuu ya mwaka 2021, ila ile ya mwaka 2022 ikaikataa. Mtu aliyeinunua mwaka 2014 alifaidi miaka mingi. Aliyeinunua kwa mkono wa pili mwaka 2020 alibakiwa na miaka michache, ingawa kibao kilikuwa kile kile. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, uliza, "Aina hii ilitoka mwaka gani, na mtengenezaji ameahidi masasisho mpaka lini?" Muuzaji asipojua, tafuta jibu kwanza. Fedha zako zitangoja.

Neno la nne ni bei. Shikeni kalamu. Usitazame bei peke yake. Igawanye kwa miezi utakayokitumia kitu hicho.

Kishikwambi kipya ni shilingi 480,000. Tuseme kitatumika miaka 4, yaani miezi 48. 480,000 gawanya kwa 48 ni 10,000. Basi chamgharimu mama shilingi 10,000 kila mwezi.

Betri mpya pamoja na kazi ya fundi, tuseme, ni shilingi 60,000. Ikiwa kishikwambi cha zamani kitaongeza miaka 2, yaani miezi 24, basi 60,000 gawanya kwa 24 ni 2,500. Hapo kutengeneza ni nafuu.

Lakini msifikiri kutengeneza ni nafuu siku zote. Ikiwa kile cha zamani kitadumu miezi 3 tu baada ya kutengenezwa, 60,000 gawanya kwa 3 ni 20,000 kila mwezi. Hapo kipya ndicho rahisi. Umeona? Hesabu ile ile yaweza kutoa majibu mawili.

Sasa turudi kwa mama mshonaji. Amefuta video, na picha zafunguka vizuri. Fundi amekikagua, akasema ni betri tu iliyochoka. Ila amegundua kwamba masasisho yamekoma. Afanyeje? Aondoe mambo ya benki katika kishikwambi, ayahamishie kwenye simu yake, mradi simu hiyo bado yapata masasisho. Kishikwambi kibaki na picha, vipimo na madeni, na nakala ya madeni aiandike daftarini. Abadilishe betri kwa shilingi 60,000. Katika akiba yake zitabaki 420,000. Anunue cherehani kwa 400,000, na bado atakuwa na 20,000 mkononi.

Na kama hana simu ya kufaa, na kazi yake haiwezi kwenda bila kutuma fedha kila siku? Basi jibu labadilika. Kishikwambi kipya sasa kina kazi ya kweli ya kufanya, yaani kulinda fedha za duka. Hapo anunue bila kujilaumu, na cherehani ingoje.

Mwisho, kile cha zamani kisitupwe jalalani. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kushughulikiwa vizuri. Kama chawaka, futa mambo yako yote, umpe mtu atakayekitumia kusoma. Kama kimekufa, kipeleke kwa wakusanyaji wa vyombo hivyo.

Sasa jibuni maswali haya darasani:

1. Mama mshonaji alifanya nini kwanza, kabla ya kutumia hata shilingi moja?
2. Kishikwambi cha shilingi 360,000 kikitumika miezi 36, ni shilingi ngapi kwa mwezi?
3. Kwa nini twauliza mwaka ambao aina ya kishikwambi ilitoka?
4. Andika kazi tatu ambazo wewe ungezifanya kwa kishikwambi. Je, ipi haiwezekani kwa chombo ulicho nacho sasa?