Kibao Mlangoni: Jakarta, Mei 1998, na Wale Tunaowaita "Wananchi Wenye Hasira Kali"



Mada niliyopewa ni kulaani ukatili dhidi ya watu wenye asili ya Kichina wanaoishi nje ya China. Ni pana mno, nimeipunguza. Nitazungumzia mji mmoja na siku tatu za machafuko: Jakarta, Mei 13 hadi 15, mwaka 1998. Na kwa kuwa humu ndani sote tunakula kwa kalamu na kipaza sauti, nitaanza na maneno mawili yaliyoandikwa kwenye milango ya maduka.

Maneno yenyewe ni "Milik pribumi". Yaani, mali ya mzawa. Ndani ya pribumi mna bumi, ardhi, kwa hiyo ni mtu wa ardhi hii. Siku zile wenye maduka waliyaandika kwa rangi ukutani, kwenye mageti, kwenye vipande vya maboksi, popote yatakapoonekana upesi. Simlaumu aliyeandika. Moto ulikuwa mtaa wa pili, na watoto wake walikuwa ghorofani. Lakini tukisome kibao kile hadi mwisho. Kinamwambia mwenye petroli mkononi kwamba hapa siyo, endelea mbele. Huko mbele kuna nani? Kila mtu Jakarta alijua.

Habari za siku zile kwa kawaida husimuliwa hivi. Katikati ya 1997 dola moja ilinunuliwa kwa rupia kama 2,400. Januari 1998 ilikuwa imepita 10,000. Mei 4 serikali ikapandisha bei ya mafuta. Mei 12 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti wakauawa kwa risasi. Kesho yake mji ukawaka, na Mei 21 Rais Soeharto akang'oka baada ya miaka 32 madarakani. Yote ni kweli. Kasoro ni kwamba msimulizi akifika kwenye moto hutumia lugha tunayoijua vizuri: wananchi wenye hasira kali. Njaa ikazaa hasira, hasira ikazaa moto, na Mchina mwenye duka alikuwa karibu.

Mimi siikubali simulizi hiyo. Mwenye njaa huiba mchele. Lakini timu ya kutafuta ukweli iliyoundwa Julai 1998 na serikali ya Indonesia yenyewe, chini ya Marzuki Darusman, iliorodhesha watu 85 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika machafuko ya mwezi ule, Jakarta na miji mingine. Kati yao 52 walibakwa. Wengi walikuwa wanawake wa Kichina. Wengine waliingiliwa majumbani mwao na genge la wanaume, mbele ya watu wengine. Sasa mtu anieleze ni bei gani ya mafuta inayomfanya mwanamume afanye hivyo. Hapo hapana njaa. Alikwenda kuwaonyesha watu wa nyumba ile kwamba hawana kwao.

Timu hiyo ilieleza pia namna ghasia zilivyoanza mahali pengi. Vijana wasiofahamika mtaani walifika, wakachokoza, wakavunja mlango wa kwanza, wakaita watu waingie kuchukua vitu, kisha wakatoweka. Askari ama hawakuwapo, ama walikuwapo wakatazama. Waliokufa walipita elfu moja, na hapa ndipo penye jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: wengi wa waliokufa hawakuwa Wachina. Walikuwa makabwela wa Jakarta, wengi wao vijana, walioingia kwenye maduka makubwa kama Yogya Plaza huko Klender, na moto ukawashwa wakiwa bado ndani. Miili iliyoungua isitambulike ilizikwa pamoja makaburini Pondok Ranggon. Pribumi hao. Kibao hakikuwafaa kitu.

Chuki hii ina umri. Oktoba 1740, chini ya utawala wa Waholanzi, Wachina wa Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, waliuawa kwa maelfu. Idadi inayotajwa sana ni kama 10,000. Waliobaki wakatengewa makazi nje ya ukuta wa mji, Glodok, mtaa uleule ulioungua 1998. Baadaye sheria za kikoloni ziliwagawa watu mafungu matatu: Wazungu juu, wenyeji chini, na katikati Wachina pamoja na Waarabu. (Waarabu hao wengi walitoka Hadhramaut, ndugu wa wale tulio nao Mombasa, Lamu na Unguja. Wao dini iliwasogeza karibu na wenyeji.) Mchina akabaki pale katikati, akimuuzia mwenyeji kibiriti na kumkusanyia Mholanzi ushuru. Ukoloni ulipoondoka, mwenyeji alimkumbuka yule aliyekuwa akimwona kila siku dukani.

Soeharto naye aliikuta nafasi hiyo akaitumia. Shule za Kichina zilifungwa, watu wakashinikizwa kubadili majina, na mwaka 1967 agizo la rais likazuia sherehe zao zisifanyike hadharani. Wakati huohuo matajiri wachache wa Kichina walifanya biashara na watu wa ikulu. Aliyejulikana zaidi ni Liem Sioe Liong. Nyumba yake Jakarta iliporwa na kuchomwa katika siku zile. Mwenyewe alikuwa Marekani. Tajiri ana pasi na ndege. Muuza redio wa Glodok alikuwa na ngazi ya mbao ya kupandia paa.

Indonesia haikukaa kimya moja kwa moja. Julai 1998 Rais Habibie alilaani ukatili ule, na Septemba akaagiza ofisi za serikali ziache kugawa watu kwa neno pribumi. Mwaka 2000 Rais Abdurrahman Wahid alilifuta lile agizo la 1967, na tangu 2003 Mwaka Mpya wa Kichina ni sikukuu ya taifa. Januari 2023 Rais Joko Widodo alikiri kwamba Mei 1998 ni miongoni mwa maovu makubwa 12 dhidi ya haki za binadamu katika historia ya nchi hiyo. Ila hakuna kigogo hata mmoja aliyehukumiwa kwa ghasia zile. Na Juni 2025 waziri wa utamaduni, Fadli Zon, alisema habari za ubakaji wa halaiki ni uvumi. Wanaharakati wa wanawake walimjia juu, na walikuwa na haki. Tangu mwanzo wakanushaji wamekuwa wakiuliza mbona waathirika hawajitokezi. Wajitokeze wapi, wakati hata waliojitolea kuwahudumia walitishwa?

Hapa ndugu zangu huenda mtasema Jakarta ni mbali. Agosti 1, 1982, jaribio la mapinduzi liliposhindwa Nairobi, maduka ya Wahindi yaliporwa na wanawake wa Kihindi wakabakwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, majukwaani Dar es Salaam, neno "magabacholi", la kuwadharau Wahindi, lilikuwa likipigiwa makofi na sisi tukiliandika kwa herufi kubwa, kwa kuwa liliuza gazeti. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na wako wenzetu walioshangilia. Duka la katikati tunalo hata sisi.

Kwa hiyo nalaani yaliyofanyika Jakarta bila kiambatisho cha "lakini walikuwa wamejilimbikizia". Kiambatisho hicho ndicho kibao chenyewe, ila kimeandikwa kwa wino.

Mwenyekiti, nina ombi moja. Kabla hatujatoka kwenda kunywa chai, kila mshiriki aandike kwenye karatasi neno ambalo gazeti lake au redio yake hulitumia kumtaja jirani asiyehesabiwa mzawa. Asiweke jina lake. Karatasi zikusanywe pale mlangoni, na tukirudi tuzisome kwa sauti.