Kuzuia Ghadhabu Mbele ya Aliye Dhaifu

Mhadhara wa Ramadhani uliotolewa Durban baada ya swala ya Tarawehe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake wote. Ama baad. 

Usiku huu tumetakiwa tuseme machache juu ya nafsi, akili na malezi ya moyo. Bahari hiyo ni pana, na muda wetu ni mfupi. Kwa hiyo tumechagua mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni ghadhabu. Tumeuchagua huo kwa sababu ndio mlango ambao nyumba zetu nyingi ugenini zinaingiliwa na kuharibiwa.

Mtume, sala na salamu zimshukie, ametufundisha kwamba aliyefunga akitukanwa au akichokozwa, ajibu kuwa yeye amefunga. Mafundisho haya tunayajua tangu madrasa. Na tukisema kweli, wengi wetu tunayatekeleza mchana. Kijana anayelinda magari barabarani hutukanwa na mwenye gari, naye hunyamaza. Dada anayesuka nywele saluni hudhulumiwa ujira wake, naye huinamisha kichwa. Mzee anayepanga foleni ya kibali tangu alfajiri huambiwa arudi wiki ijayo, naye huitikia kwa adabu. Mwenye duka hunyooshewa kidole na kuitwa mgeni, naye huendelea kupima sukari.

Swali letu la usiku huu ni hili: ghadhabu ile iliyomezwa mchana huenda wapi? Kwa miaka mingi tumekuwa tukiketi na wanandoa na wazazi kusuluhisha, na tumeyasikia majibu. Hufungua mlango wa nyumba pamoja na mwenyewe. Mtu aliyekuwa mpole kama maji mbele ya tajiri wake, huwa moto mbele ya mkewe kwa sababu ya chumvi iliyozidi kidogo. Mama aliyestahimili matusi ya mteja, humpiga mtoto kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Kisha wote wawili husema kwamba ni uchovu wa saumu.

Tuitazame aya ya 134 ya Surat Aal Imran. Humo Mwenyezi Mungu anawasifu wachamungu kwa kutoa katika dhiki na faraja, kwa kuzuia ghadhabu na kwa kusamehe watu. Neno la Kiarabu lililotumika kwa kuzuia ni *kadhm*, na Waarabu walilitumia kwa mtu anayefunga mdomo wa kiriba kilichojaa maji. Zingatieni kwamba kiriba kitupu hakihitaji kufungwa. Aya haimsifu asiye na hisia; inamsifu yule ambaye kifua kimemjaa, na kamba ya kufungia imo mkononi mwake.

Jambo la pili limo katika Hadithi ya Muadh bin Anas, waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Inaeleza malipo makubwa Siku ya Kiyama ya mtu anayezuia ghadhabu yake ilhali anao uwezo wa kuitekeleza. Tulikamate sharti hilo: *ilhali anao uwezo*. Tunaponyamaza mbele ya mwenye nguvu, kunyamaza kwetu kunaweza kuwa subira, kunaweza kuwa busara, na kunaweza kuwa hofu tu ya kupoteza kibarua. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, wala hatumlaumu anayetafuta riziki ya halali. Lakini mizani ya ghadhabu yetu haipo pale. Ipo mbele ya yule ambaye tukimpiga hawezi kutupiga, tukimtukana hana pa kwenda kushitaki. Huyo ndiye mtihani wetu, na aghalabu huyo tunalala naye chini ya paa moja.

Katika Sahihi Muslim mna kisa cha Abu Masud, mmoja wa Ansari. Alikuwa akimchapa mtumwa wake kwa mjeledi, akasikia sauti nyuma yake ikimwita. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba hakuitambua sauti ile kwa sababu ya ghadhabu. Ilipokaribia ndipo alipojua kuwa ni Mtume, na mjeledi ukamwanguka. Mtume akamkumbusha kwamba uwezo wa Mwenyezi Mungu juu yake ni mkubwa kuliko uwezo wake juu ya mtumwa yule. Abu Masud akamwacha huru mtumwa papo hapo kwa ajili ya Mola wake, naye Mtume akambainishia kuwa lau asingefanya hivyo, Moto ungemgusa.

Ndugu zetu, sahaba huyu hakutambua sauti ya Mtume! Masikio yalikuwepo, na sauti ilikuwa ya mtu ampendaye kuliko watu wote, lakini ghadhabu iliziba njia kati ya sikio na moyo. Basi tusishangae kwamba mtu mwema, mwenye kuhifadhi swala zake, akighadhibika hasikii kilio cha mwanawe mwenyewe. Na tuangalie alivyokumbushwa. Hakuambiwa kwamba mtumwa hakukosa. Alikumbushwa ngazi ya uwezo: juu yako yupo Mwenye uwezo zaidi, nawe unataka akuhurumie.

Sisi tunaoishi Durban tunalo la kujifunza hapa hapa kuhusu njia za ghadhabu. Mwaka 1873, mwaka ambao Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, meli ya kivita ya Uingereza, HMS Briton, iliteremsha katika bandari hii watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini wakaitwa Wazanzibari, na jina hilo likawaganda hadi leo. Waliitwa huru, kisha wakafungwa kwa mikataba ya kazi chini ya mabwana wa kikoloni. Wakajenga maisha yao Kings Rest, upande wa Bluff, pamoja na msikiti wao na dini yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria za ubaguzi zikawang'oa huko na kuwahamishia Chatsworth. Wajukuu zao tungali tunaswali nao safu moja.

Chatsworth hiyo hiyo, mwezi wa Aprili 2015, ilipigwa mahema ya wageni waliokimbia nyumba zao. Wapo miongoni mwenu waliolala katika mahema hayo, na wapo wanaomkumbuka jirani mwenyeji aliyewaficha. Umasikini na ukosefu wa kazi ni mambo ya kweli katika nchi hii, na hasira yake inaeleweka. Lakini hasira ile haikwenda kwa wenye uwezo wa kubadilisha hali. Ilimwendea jirani Mkongo, Msomali, Mmalawi na Mtanzania, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa karibu na ndiye aliyekuwa dhaifu.

Tuliyaona hayo tukasema ni dhulma, nasi tulisema kweli. Basi tuipime nyumba kwa kipimo hicho hicho. Mtu anayedhulumiwa kazini, akarudi kumdhulumu mkewe, hasira yake imefuata njia ile ile: imemkwepa mwenye nguvu, ikamtafuta mnyonge. Haiwezekani tukaichukia njia hiyo barabarani, kisha tukaitandikia zulia sebuleni.

Je, dawa ni ipi? Hapa ndipo inapoingia akili. Neno akili tumelipokea kutoka Kiarabu, na wanazuoni wa lugha wanalihusisha na *iqali*, kamba ya kumfungia ngamia mguu asitoroke. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amepiga mfano katika *Ihya Ulumid-Din* kwamba akili ni mpanda farasi aliyetoka kuwinda, matamanio ni farasi wake, na ghadhabu ni mbwa wake. Hakusema mbwa auawe, kwa kuwa mwindaji anamhitaji. Bila ghadhabu mtu asingetetea heshima yake, wala asingechukia dhulma. Msiba ni pale mbwa anapomwongoza bwana wake.

Na kabla ya Ghazali alikuwepo Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu *Masalih al-Abdan wal-Anfus*, juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo ameieleza ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi kama tabibu anavyoeleza maradhi. Shauri lake moja lingetutosha Ramadhani nzima: kama vile mtu mwenye afya anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura ya mwili, ndivyo anavyopaswa kuweka fikra njema wakati wa utulivu, ili nafsi itakapochafuka azikute tayari. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Hii ni akiba ya moyo. Anayetafuta hekima wakati damu imeshapanda kichwani ni kama anayetafuta ndoo wakati nyumba inawaka.

Basi usiku kama huu, tumbo likiwa limeshiba na moyo umetulia, ndio wakati wa kuweka akiba. Kila mmoja wetu aketi ajiulize: ghadhabu yangu hunijia saa ngapi, kwa jambo gani, na humwangukia nani? Wengi mtakuta ni saa moja kabla ya Magharibi. Njaa imefika mwisho, usingizi wa daku umekatika, aliyezoea kahawa au sigara kichwa kinamgonga, joto la Durban na unyevu wake limemchosha, na njia ya kurudi nyumbani imejaa magari. Hilo ni jambo la mwili, na mwili una haki yake. Mwenye kujua saa yake ya hatari, na aigeuze. Masuala ya fedha na makosa ya watoto yasijadiliwe saa hiyo. Yasubiri baada ya futari. Akifika nyumbani mapema, ashike kisu akate matunda badala ya kusimama jikoni kama mkaguzi.

Ghadhabu ikija licha ya hayo, sunna imetuwekea njia nyepesi. Tujikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani. Tunyamaze. Aliyesimama akae, na isipomtoka alale. Imepokewa pia kutia udhu. Haya yote huuzuia mkono usifike unakotaka kufika, mpaka akili irudi kushika hatamu. Na ulimi ukishateleza, tusione haya kumwendea mtoto na kumwomba radhi. Baba haupungui ubaba kwa hilo. Mtoto aliyeombwa radhi na mzazi wake atajua namna ya kuomba radhi, na huo ni urithi.

Tunapenda kubainisha mambo mawili ili tusieleweke vibaya. La kwanza, aya ya kuzuia ghadhabu haikuteremshwa ili aliyeonewa afungwe mdomo. Inamwelekea mwenye uwezo wa kudhuru. Mwanamke anayepigwa asiambiwe asubiri kwa kuwa ni Ramadhani, wala mtoto anayeumizwa asifichwe kwa ajili ya heshima ya familia. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, ameeleza kwamba Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Anayeogopa ndani ya nyumba yake atafute usalama kwanza, na jamaa wa msikiti ni wajibu wao kumsaidia. Vivyo hivyo mfanyakazi aliyenyimwa ujira adai haki yake kwa njia za sheria. Huko ni kumpeleka mbwa wa Ghazali kwenye windo lake halali.

La pili, si kila kifua kilichobana kinafunguliwa kwa mawaidha. Wapo kati yetu waliotoka vitani mashariki ya Kongo, na wapo waliopoteza watu na mali katika mafuriko ya Aprili 2022, yaliyotukuta katika Ramadhani. Al-Balkhi alitofautisha huzuni ambayo mtu anaijua sababu yake na huzuni isiyojulikana sababu, na hii ya pili akaihusisha na mwili, nao mwili una tiba yake. Ikiwa wanazuoni wetu waliyasema hayo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kwa nini leo tuone aibu kumpeleka ndugu yetu kwa daktari wa akili? Kwenda hospitali si upungufu wa imani, wala dua na dawa hazigombani.

Tumebakiwa na siku za Ramadhani, na tunaomba jambo moja. Kesho, kabla ya kuhesabu juzuu tulizosoma, kila mmoja amwangalie aliye dhaifu zaidi katika nyumba yake: mke asiye na jamaa katika nchi hii, mtoto wa kambo, mzee anayesahau, msichana wa kazi. Anas bin Malik alimhudumia Mtume miaka kumi, akashuhudia kwamba hakuwahi kumwambia hata "uff". Ushahidi ule ulitoka kwa mtumishi, aliyekuwa kijana mdogo. Nasi ushahidi wetu hautatoka kwa matajiri wetu wala kwa majirani wanaotuona tumevaa kanzu. Utatoka kwa hao wa ndani.

Ewe Mola wetu, tupe akili inayoongoza na moyo unaotulia. Wahurumie walio chini ya mikono yetu, nasi utuhurumie. Tukubalie saumu zetu na swala zetu, na uzifanye nyumba zetu kuwa mahali pa amani kwa wale wasio na pengine pa kwenda. Amin.

Wabillahit-tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.