Tende za Ramadhani Zinunuliwe Kabla ya Shaabani

Maelezo ya afisa wa biashara kwa wakazi na vikundi vya akina mama, Mombasa

Nimeombwa nizungumze juu ya bajeti ya Ramadhani. Sitaigusa bajeti yote. Unga, mafuta na sukari vina siku yake. Leo ni tende, kwa sababu tende ndiyo bidhaa ya futari ambayo mnunuzi akijua kalenda yake anaweza kuokoa pesa bila kupunguza hata kokwa moja kwenye sahani.

Tende ina kalenda mbili, na matatizo yetu yanatokana na kufuata moja tu. Kalenda ya kwanza ni ya mti. Huko Saudia, Irak, Iran, Oman na Misri, matunda huanza kuiva wakati wa joto kali. Yale mabichi laini, ambayo Waarabu huyaita rutab, huliwa huko huko. Yale yanayokauka vizuri na kuweza kusafiri huvunwa zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Za Tunisia na Algeria hufuata Oktoba na Novemba. Zikishachambuliwa, zikapakiwa na kuletwa kwa kontena hadi Kilindini, tende za mavuno mapya huanza kuonekana madukani kwetu kuelekea mwisho wa mwaka.

Kalenda ya pili ni ya mwezi, nayo haisimami. Kila mwaka Ramadhani hutangulia siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2018 tulianza kufunga katikati ya Mei. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Ya 2027 inatarajiwa wiki ya pili ya Februari, mwezi ukiandama.

Sasa ziwekeni kalenda hizo mbili pamoja. Mwaka 2018, aliyenunua tende mpya Desemba alilazimika kuzihifadhi miezi mitano, tena akapita nazo kwenye joto la Machi na mvua za Aprili. Wengi waliojaribu walipata wadudu, wakasema kununua mapema ni hasara, na kwa wakati huo walikuwa na haki. Lakini hali imebadilika. Atakayenunua Desemba hii atazihifadhi miezi miwili tu, wakati wa kaskazi, kabla ya masika. Mavuno ni mapya, mzigo umefika, na foleni ya Shaabani bado. Hii ndiyo nafasi ninayotaka muitumie, na itaendelea kuwapo miaka kadhaa ijayo. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Baada ya hapo mfungo utaanza kuingia ndani ya msimu wenyewe wa mavuno, na hesabu itabidi ifanywe upya.

Wazee wetu hawakuhitaji mkutano kujua haya. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Ghuba, kati ya Desemba na Machi, yakateremsha makanda ya tende Bandari ya Kale, kisha yakangoja kusi ili yarudi. Tende ilikuwa na wakati wake wa kuja, na mwenye akili alinunua jahazi likiwa limefunga gati, si baada ya miezi sita. Kontena limetufanya tudhani kila kitu kipo kila siku.

Haya, tununue kiasi gani? Hapa ndipo wengi hukisia. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akifuturu kwa tende tatu, kwa siku thelathini, ni tende 540. Pimeni tende kumi za kawaida kwenye mizani: nyingi huwa kati ya gramu 80 na 100. Kwa hiyo nyumba hiyo inahitaji kilo tano hivi, pengine sita ukiweka za wageni. Medjool ni kubwa zaidi, na moja inaweza kuwa gramu ishirini, basi hesabu yake ni nyingine, na bei yake pia ni nyingine. Mimi kwa futari ya kila siku sioni sababu ya Medjool wala Ajwa. Anayezipenda azinunue chache za siku maalumu.

Kilo tano kwa robo robo ni safari ishirini dukani. Chukueni mfano, na ni mfano tu, si bei ya soko: robo ikiuzwa shilingi 100, kilo ni 400. Katoni ya kilo kumi ikiuzwa kwa jumla shilingi 2,500, kilo ni 250. Nyumba ya kilo tano imebakiza shilingi 750. Nyumba mbili zikigawana katoni, hakuna aliyebeba mzigo peke yake. Chama cha nyumba kumi kinaweza kununua katoni tano na kupata sauti mbele ya muuzaji wa jumla, jambo ambalo mtu mmoja mwenye kikapu hapati. Kateni kidogo kidogo kwenye mchango kuanzia sasa. Ila msikope. Nimeona watu wakichukua mkopo wa simu ili wawahi bei nzuri. Riba na ada za mkopo huo humeza akiba yote, na mwisho umefuturu kwa tende ghali kuliko za mwenye kununua robo.

Kabla ya kulipa, soma katoni. Tafuta mwaka wa mavuno au tarehe ya kupakiwa, si tarehe ya mwisho peke yake. Kipindi hiki cha mwisho wa mwaka ndicho ambacho mabaki ya mavuno yaliyopita hupatikana kwa wingi, mara nyingine yakitolewa kwenye katoni na kufungwa upya kwenye mifuko isiyo na maandishi. Bei inakuwa ya chini kweli, lakini tende hizo zina mwaka mzima ghalani. Tende inayong'aa kupita kiasi iangalie vizuri. Nyingine hupakwa maji ya glukosi, na mzalishaji mkweli huandika hivyo kwenye orodha ya viungo. Ukiona weupe juu ya ngozi, usiitupe wala usiinunue kabla ya kukagua. Sukari ya tende yenyewe huganda ikawa chembe nyeupe, na ukiipasha moto kidogo huyeyuka. Ukungu una manyoya na harufu ya chachu. Pasua mbili tatu mbele ya muuzaji, uangalie ndani karibu na kokwa. Wadudu hukaa humo. Muuzaji anayekukataza kupasua amekwisha kukujibu.

Tena mwombe akupimie kwenye mizani iliyo na muhuri wa mkaguzi wa vipimo, na uzito uwe wa tende, bila katoni. Katoni tupu nayo ina uzito, na mara kumi unaulipa kama tende.

Kuhifadhi. Adui wa tende pwani ni unyevu kuliko joto. Usiziache kwenye mfuko wa plastiki uliofunguka juu ya kabati la jikoni, pale mvuke wa sufuria unapopanda. Ziweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana, ndoo ndogo ya mafuta iliyooshwa na kukaushwa kabisa inatosha, na uiweke mahali pa giza penye ubaridi. Mwenye friji azitie humo, zitakaa miezi bila shida. Mwenye friza ana bahati zaidi: siku chache za baridi kali huua mayai ya wadudu, na tende haigandi kama jiwe kwa sababu ya sukari yake. Vikundi vinaweza kukubaliana na mwanachama mwenye friza alipwe kitu kidogo cha umeme. Gawanyeni katika pakiti za wiki moja moja, ili chombo kisifunguliwe kila magharibi.

Na kuna adui mwingine ambaye sikumtaja: watoto. Kilo tano za Desemba zikionekana mezani hazifiki Ramadhani. Akina mama mnajua mahali pa kuzificha kuliko mimi.

Kuna wanaouliza kwa nini wasisubiri Mfunguo Mosi, wakati wauzaji wanamaliza mabaki, wanunue za mwaka ujao. Kwa zile za kula wiki hizo, nunueni, bei huwa njema. Kwa kuweka mwaka mzima, hapana. Tende hiyo ina miezi sita tangu mtini, na iliyo mbele yake ni masika, ambapo hata chumvi hapa kwetu inalowa. Zaidi ya hayo, mavuno mengine yatakuja kabla ya mfungo mwingine.

Zabibu kavu za biriani na tambi hufuata njia hiyo hiyo kwa jumla, maana mizabibu ya Uturuki na Iran huvunwa Agosti na Septemba. Nunueni pamoja na tende. Maembe ni habari tofauti, na ni yetu. Msimu mkubwa wa pwani ni kuanzia Novemba hadi Machi, na ngowe huoza chini ya miti Kilifi huku sisi tukinunua embe lililokaushwa kwenye pakiti ndogo. Anayeweza kukata vipande vyembamba na kuvianika chini ya chandarua safi, juani, ajaribu na debe moja kwanza.

Wafanyabiashara mlio hapa, najua mnaniangalia kwa jicho. Mkinunuliwa Desemba pesa yenu inazunguka mapema, na ghala linapumua. Andikeni bei ya kilo mahali pa kuonekana.

Mkazi atakayepunjwa kwenye uzito, aje ofisi ya biashara ya kaunti na risiti pamoja na tende zenyewe kabla hazijaliwa. Bila vitu hivyo viwili tunabaki na maneno ya huyu na ya yule. Nimeweka mizani iliyohakikiwa kwenye meza pale mlangoni. Aliyekuja na mfuko kutoka sokoni leo anaweza kuupima upya. Sasa nipokee maswali, nikianza na mama yule aliyeinua mkono tangu nilipotaja friza.