Kuondoa Udhia Njiani: Vyuma vya Mitaro na Roho za Waendesha Baiskeli



Ndugu zangu vijana, wake kwa waume, leo sitazungumzia mahakama wala vituo vya polisi. Nataka tuangalie chini. Ndiyo, chini kabisa, pale pembeni mwa lami panapoingia maji ya mvua. Vile vyuma vilivyolazwa juu ya mtaro, wengine twaviita grili. Wewe wavipita kila siku. Hebu leo visimamie kidogo.

Mtaani kwetu kuna barobaro anayesambaza mahamri kwa baiskeli. Mamake hukaanga usiku, yeye akitoka kuswali Alfajiri hufunga karai na ndoo kwenye kariya na kuanza kuzunguka. Asubuhi moja ya masika mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na maji yamefunika ukingo wa barabara. Matatu ikapiga honi nyuma yake, akajivuta pembeni kama tunavyofanya sote. Gurudumu la mbele likazama katikati ya vyuma viwili vya mtaro, likakwama. Baiskeli ikasimama, yeye akaendelea. Alivunjika mtulinga. Alhamdulillahi yule dereva alikuwa mwepesi wa breki, vinginevyo siku ile tungekuwa makaburini.

Watu walipokusanyika, wa kwanza akasema, "Ajali ni kazi ya Mungu." Wa pili akasema, "Kijana hakuangalia." Wakatawanyika. Kile chuma kikabaki palepale, kikingoja mwengine.

Sasa nikuulize wewe unayesoma: ni kweli kwamba hakuna mtu wa kuulizwa?

Qadar twaiamini, na hilo halina mjadala. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndio amtegemee Mwenyezi Mungu. Chuma kilicholazwa vibaya ni ngamia asiyefungwa. Kuna mtu alikichora, mtu akakiweka, mtu akatia sahihi kwamba kazi imekwisha na malipo yatoke.

Tatizo lenyewe ni jepesi kulielewa. Vyuma vingine vya mtaro hulazwa kufuata njia, yaani vyaelekea kule kule baiskeli inakoelekea. Mwanya kati ya chuma na chuma huwa reli ya kulitega gurudumu. Tairi la ile Black Mamba ya mizigo ni karibu sentimita 4 kwa upana. Zile baiskeli nyembamba za mashindano, ambazo wengi wetu twanunua mitumba, tairi zake ni sentimita 2 na kidogo. Mwanya ukizidi hapo, gurudumu lazama. Tairi la gari ni pana, lapita juu na dereva hata hahisi. Ndio maana anayekagua barabara akiwa ndani ya gari atakwambia iko sawa. Kwake yeye iko sawa kweli.

Na si baiskeli peke yake. Vile vigurudumu vidogo vya mbele vya kiti cha magurudumu huingia mle. Fimbo ya asiyeona huingia. Mkongojo wa nyanya yako huingia.

Kuna na makosa mengine. Lami huongezwa juu ya lami mpaka chuma kinabaki chini kama shimo la bao. Au chuma chapachikwa vibaya, pembeni pakabaki ufa mrefu. Au chuma hakipo kabisa, kimeng'olewa na kuuzwa.

Dawa yake je? Haihitaji mkopo wa nje. Kwa barabara mpya, vyuma vilazwe kukingama njia, au vitumike vile vilivyofumwa kwa mawimbi au kama sega la nyuki, ambavyo gurudumu halipati pa kuzama. Njia nyengine ni kuweka tundu la maji ubavuni mwa jiwe la ukingo, isiwe kwenye njia ya magurudumu. Mhandisi atakwambia kwamba vyuma vinavyofuata njia humeza maji haraka na havishiki taka sana. Ni kweli, hoja hiyo ina uzito. Lakini Marekani walilifanyia majaribio jambo hili tangu miaka ya 1970 na wakapata miundo inayopitisha maji vizuri bila kumtega mwendesha baiskeli. Kwa hivyo si lazima tuchague kati ya mafuriko na mtulinga.

Kwa vile vilivyopo tayari, kama chuma ni cha mraba, mara nyengine yatosha kukiinua na kukigeuza robo duara. Kama hakigeuki, fundi wa kuchomelea aweza kukingamiza vipande vya chuma bapa juu yake, kila baada ya sentimita 10 hivi. Ni kazi ya muda mpaka kipya kije, lakini ni kazi ya asubuhi moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaijua ile hadithi kwamba imani ina matawi sabini na kitu, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani? Sisi twalisikia lile neno "la chini" tukadhani ni la kupuuzwa. Ndugu yangu, la chini ndilo unaloanzia! Kama hili limetushinda, hayo ya juu tutayafikia vipi? Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, akiwa khalifa Madina, alihofia kuulizwa siku ya Kiyama kuhusu nyumbu aliyejikwaa huko Iraq kwa kuwa hakumtengenezea njia. Nyumbu! Na umbali ule! Basi kiongozi ambaye mwanadamu anavunjika mtulinga mita mia mbili kutoka ofisini kwake, atajibu nini?

Lakini kabla hatujamnyooshea kidole kiongozi, tujitazame. Ni nani anayeng'oa vile vyuma usiku? Ni vijana wetu, twawajua kwa majina. Na ni nani anayenunua? Mwenye duka la chuma chakavu ambaye Ijumaa yuko safu ya mbele. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu nchi nzima kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Katazo liliondolewa, lakini hukumu ya mali ya wizi haikuondolewa. Mali ya barabara ni amana ya umma. Kilo chache za chuma, na mtoto wa mwenzako anaingia mtaroni. Pesa hiyo haina baraka, na sisi tuseme hivyo waziwazi, misikitini na maskani.

Na jengine: usiende ukang'oa chuma kibaya ukadhani umesaidia. Umefungua kaburi. Weka alama, weka tawi, weka jiwe lililopakwa rangi nyeupe, kisha dai haki.

Hatua ni hizi.

Kwanza, hesabu. Chagueni barabara moja, ile inayopita mbele ya msikiti au madrasa yenu. Piga picha ya kila chuma na rula ikiwa juu yake, ili mwanya uonekane. Andika mahali kilipo na vyuma vyaelekea wapi. Picha ya rula haibishaniwi.

Pili, ujue mwenye barabara. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, za mijini za kitaifa chini ya KURA, za vijijini chini ya KeRRA, zote zikitokana na sheria ya mwaka 2007. Barabara za kaunti ni za kaunti. Na Jadweli ya Nne ya Katiba yaipa kaunti kazi ya mifereji ya maji ya mvua katika maeneo ya miji. Ukiambiwa "hiyo si yetu", uliza kwa adabu ni ya nani, na uombe jibu kwa maandishi.

Tatu, andika. Kifungu cha 35 cha Katiba chakupa haki ya kupata habari. Sheria ya mwaka 2016 yaruhusu uandike kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi yatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai wa mtu, ni saa 48. Uliza: barabara hii ni ya nani, ilikaguliwa lini, vyuma hivi vitarekebishwa lini? Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Nne, wakikaa kimya, kifungu cha 37 chakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa amani. Bunge la kaunti lalazimika kulipokea ombi lako, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Saini za watu wanaopita barabara ile kila siku: muuza samaki, msukuma mkokoteni, mama wa mtoto wa kiti cha magurudumu. Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Mtaro haumuulizi mtu dini yake.

Najua kuna atakayesema, "Vijana wetu wanapotezwa, wanakamatwa ovyo, wanasumbuliwa kwa vitambulisho, na wewe waleta habari za mitaro?" Naam, naleta. Hayo makubwa hatuyaachi, na kesi zinaendelea. Lakini yule anayezoea kuandika barua kuhusu chuma cha mtaro, akafuatilia, akajibiwa, siku ya jambo kubwa hatatetemeka mbele ya meza ya afisa. Haki ni mazoezi. Na aliyezoeshwa kwamba maumivu yake si kitu, huzoea na mengine.

Yule kijana wa mahamri amepona, alhamdulillahi. Karibu miezi miwili mamake alizunguka mwenyewe kwa miguu, karai kichwani. Siku hizi kijana apita tena, lakini akifika pale hushuka, akaivuta baiskeli kwa mkono, kisha akapanda tena. Kila siku hushuka. Nataka ifike asubuhi apite pale bila kushuka.

Wiki hii, chukua rula na simu yako. Anza na chuma kimoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.