Huruma Isiyofika Mkononi

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Mathayo 27:24, pale Pilato anaponawa mikono mbele ya makutano.

Nataka kuwasimulia habari za hakimu mwingine aliyenawa mikono. Katika mwaka wa 1829, kule North Carolina, jimbo la kusini mwa Marekani, palikuwa na mtumwa mmoja, mwanamke aitwaye Lydia. Alikuwa amekodishwa kwa mwaka mmoja kwa bwana John Mann. Siku moja Lydia alifanya kosa dogo, na Mann akataka kumpiga. Lydia akakimbia. Mann akampigia kelele asimame. Alipozidi kukimbia, akampiga risasi, akamjeruhi.

Mann alishtakiwa. Raia walioketi kuamua kesi, nao walikuwa wazungu, walimwona ana hatia. Akakata rufani, nayo ikafika kwa Jaji Thomas Ruffin, mwanasheria hodari.

Jaji huyo aliandika kwamba ndani ya kifua chake utu ulikuwa ukishindana na wajibu wa hakimu. Kisha akaamua kuwa mamlaka ya bwana juu ya mtumwa lazima yawe kamili, hata mahakama isiyaingilie. Hatia ya Mann ikafutwa.

Ndugu zangu, je, ni sheria tu iliyomfunga Ruffin? Yeye mwenyewe alimiliki watumwa, tena aliwahi kuwa mshirika katika biashara ya kununua na kuuza watu. Mwaka 1833 akawa Jaji Mkuu wa jimbo, akasifiwa mbali kwa elimu yake. Lakini huruma aliyoiandika haikumfaa Lydia kitu.

Maneno yake sisi nasi twayajua: "Nakuhurumia, lakini ndivyo sheria ilivyo." Karani humwambia mjane. Mzee wa ukoo humwambia yatima anayenyang'anywa shamba. Na mara nyingi, nyuma ya sheria hiyo, imejificha faida yetu wenyewe. Mungu husoma hukumu, na mifuko yetu huiona pia.

Leo, kabla hujalala, mkumbuke mtu mmoja uliyemhurumia usimsaidie. Kesho mwendee.

Na tuombe. Ee Bwana, utuondolee maji ya Pilato. Utupe mikono itendayo yale ambayo moyo umekwisha kuyajua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.